Kuwepo si Kutambuliwa

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachobeba mizigo miwili, na mara nyingi hatuoni tofauti ya mizigo hiyo mpaka mambo yaharibike. Kitenzi chenyewe ni kutambua. Fundi wa kompyuta anasema, "Mashine haikitambui hiki kifaa chako." Jirani anasema, "Yule mtoto, baba yake hamtambui." Sentensi ya kwanza tunaichukulia kama suala la macho: mashine haijakiona kitu, basi. Ya pili hakuna anayeielewa hivyo. Baba anamwona mtoto vizuri tu, pengine wanapishana njiani kila Ijumaa, ila amekataa kumpa nafasi nyumbani na katika ukoo.

Nataka kudai jambo ambalo mpenda fasihi anaweza kuliona la ajabu kidogo: kwamba hata mashine, inaposema haitambui kitu, mara nyingi inasema kwa maana ya yule baba. Kitu kimeonekana. Kimehesabiwa. Ila hakikupewa nafasi, au kilipewa kisha kikanyang'anywa. Na kwa kuwa mashine haina moyo wa kukubali wala kukataa, kuna watu mahali fulani walioamua kwa niaba yake. Hapo swali la ufundi linageuka kuwa swali la maadili: tuna deni gani kwa wale ambao utaratibu wetu haukuwawekea nafasi?

Tuanze na mashine yenyewe. Kompyuta zinazotumia Linux zina programu moja iliyo chini ya nyingine zote, inaitwa kerneli. Ndiyo inayozungumza na vitu vya kushikika: diski, kibodi, skrini, na yale matundu ya pembeni tunayochomekea nyaya, ambayo mafundi huyaita poti. Linus Torvalds aliitangaza mwaka 1991, akiwa bado mwanafunzi Helsinki, na tangu hapo matoleo mapya hayajawahi kukauka. Sasa, mtumiaji anapandisha toleo usiku, anawasha mashine upya, asubuhi anachomeka waya uleule kwenye tundu lilelile, kimya. Hakuna kinachotokea. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, nao hawakuwahi kupandisha toleo la kerneli.

Neno la kwanza linalomtoka mtu hapo ni "poti imekufa." Ni hukumu ya haraka, na mara nyingi ni ya uongo. Hebu tuone visa viwili, kimoja chepesi, kingine kizito.

Chepesi kinahusu poti za siriali, zile za zamani zenye pini 9. Usidhani zimeisha. Bado ziko kwenye mizani, kwenye mashine za risiti, kwenye vipimo vya maabara na mitambo ya viwandani. Mwenye vifaa vingi hununua kadi yenye poti 8 akaipachika ndani ya kompyuta. Lakini ndani ya kerneli kuna namba inayowekwa wakati inapoandaliwa, kabla haijamfikia mtumiaji: poti ngapi za aina hii zitasajiliwa mashine ikiwaka. Thamani yake ya kawaida ni 4. Sababu ni mazoea tu, maana kompyuta za ukoo wa IBM PC zilizoea kuhesabu poti nne, COM1 mpaka COM4. Wanaoandaa kerneli kwa ajili ya wengine wanaweza kuipandisha namba hiyo. Wapo walioweka 32, wapo walioiacha 4. Ukihama kutoka kwa mwenye mkono mkunjufu kwenda kwa mwenye mkono mfupi, poti zako zinapotea bila kuguswa na mtu.

Ukisoma kumbukumbu ambazo kerneli huziandika inapowaka, utakuta habari nzima. Imeiona kadi. Imeziona poti. Imejaribu kuzisajili, nne zikaingia, kisha ikaandika kwamba imeshindwa kusajili inayofuata, kosa namba -28. Katika orodha ya makosa ya Linux, 28 maana yake ni kwamba hakuna nafasi iliyobaki. Yaani haikusema "sikuoni." Ilisema "nimekuona, ila viti vimejaa." Na viti vilihesabiwa na mtu aliye mbali, ambaye hakujua mtakuja wangapi. Dawa ni fupi: kwenye mstari wa maneno ya kuwashia kerneli unaongeza 8250.nr_uarts= pamoja na idadi unayoitaka, mradi isizidi kikomo cha walioiandaa. Unawasha upya, poti zinarudi zote, kama watu waliokuwa wamesimama nje ya mlango muda wote huo wakisubiri kuitwa.

Na kinyume chake kipo. Kwenye kerneli iliyowekewa 32, fungua orodha ya vifaa katika kompyuta ya mkononi ya kisasa ambayo haina hata tundu moja la pini 9. Utakuta majina ttyS0 mpaka ttyS31 yamejipanga kama askari wa gwaride. Majina 32, mwenye mwili hakuna. Uliza kila jina lina chipu gani nyuma yake, unajibiwa haijulikani. Wasomaji wa Shaaban Robert wataikumbuka Kusadikika, nchi ambayo ipo katika mawazo tu. Hizi ni poti za Kusadikika.

Mwaka 1710 George Berkeley, mwanafalsafa wa Ireland aliyekuja kuwa askofu, alidai kwamba kwa vitu tunavyoviona na kuvigusa, kuwepo ni kutambuliwa na akili fulani. Wengi wamemcheka. Lakini sisi watu wa kawaida tunaishi kwa kanuni yake bila kumsoma. Tukiona jina kwenye orodha, tunaamini mwenye jina yupo. Tusipoliona, tunasema hakuna mtu. Kadi ya poti 8 inamkanusha Berkeley kwa upande mmoja na majina 32 ya bure yanamkanusha kwa upande mwingine. Orodha si dunia. Orodha ni maamuzi ya mtu kuhusu dunia, yakiwa yameandikwa kwa namna inayoficha kwamba ni maamuzi.

Jambo hili halikuanza na kompyuta. Wamakonde wa Kenya, ambao wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba makubwa ya mkonge na miwa, walikaa Pwani kwa vizazi kadhaa bila vitambulisho. Walizaa hapo, wakazika hapo, wakachonga vinyago ambavyo wageni walinunua na kubeba. Mwaka 2016 walifunga safari kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai vitambulisho, na serikali ikakubali kuwapa uraia. Baadaye wakaanza kuitwa kabila la 43. Angalia hiyo namba. Kabla ya hapo hesabu iliyozoeleka ilikuwa 42, na hesabu ikishazoeleka, wa 43 anaonekana kama kosa la kwake mwenyewe. Mtu si poti, na uchungu wa mtu aliyenyimwa kitambulisho haulingani na usumbufu wa mizani isiyosoma. Ila umbo la kosa ni moja: walionekana kila siku, na jibu lilikuwa -28.

Kisa cha poti 8, hata hivyo, ni chepesi kwa sababu hakuna anayegombea kiti. Vilikuwa vichache, unaongeza, kila mtu anakaa. Kizito ni pale kiti kimoja kinapodaiwa na wawili, na wote wawili wana haki.

Aprili 2022 ilitoka Ubuntu 22.04, mojawapo ya sura za Linux zinazotumiwa sana duniani. Watu wakapandisha toleo, wakapata kerneli mpya na programu mpya kwa mkupuo mmoja. Muda si mrefu, wanaochezea bodi ndogo za kielektroniki wakaanza kulalamika. Nazungumzia zile bodi za bei nafuu za mtindo wa Arduino, unazozikuta Kariakoo au Luthuli Avenue kama unavyozikuta Shenzhen. Ukichomeka bodi kwenye tundu la USB, ilikuwa ipewe jina ttyUSB0, halafu uongee nayo kwa jina hilo. Sasa jina halikuwepo. Tundu lilelile, waya uleule, bodi ileile. Lawama ikaenda kwa kerneli, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mpya na ndiyo inayojulikana kwa jina.

Lakini kerneli ilikuwa imetimiza wajibu wake wote. Ukiandika amri ya lsusb, bodi ilitajwa bila kusita: 1a86:7523. Na ukisoma kumbukumbu kwa amri ya dmesg, ungekuta kitu kama tamthilia fupi. Kifaa kimechomekwa. Draiva iitwayo ch341 imekipokea. Kimepewa jina ttyUSB0. Kisha inaingia programu iitwayo brltty, inakishika kifaa. Draiva inaachia. Jina linafutwa. Pazia. Yote hayo yanaisha kabla hujaondoa mkono kwenye waya.

Brltty ni nani? Ni programu iliyoanza kutengenezwa tangu 1995 ili watu wasioona waweze kutumia Linux kwa maandishi ya nukta nundu, yale aliyoyabuni Louis Braille wa Ufaransa na kuyachapisha mwaka 1829. Kuna vifaa vyenye safu ya vijumba, kila kijumba kina vipini vidogo vinavyopanda na kushuka. Kompyuta inatuma herufi, vipini vinapanda, kidole kinasoma. Kwa asiyeona, safu hiyo ndiyo skrini. Ubuntu huja na brltty tayari ndani yake, na makusudio ni mazuri: mtu achomeke kifaa chake na asome, bila kuomba mwenye macho amsaidie.

Sasa brltty itajuaje kwamba kilichochomekwa ni kifaa cha nukta nundu? Kwa namba. Kila kifaa cha USB kinajitambulisha kwa namba mbili, ya kampuni na ya bidhaa. Hiyo 1a86 ni ya kampuni ya QinHeng ya China, na 7523 ni ya chipu yake iitwayo CH340, chipu ya bei rahisi inayogeuza mawasiliano ya USB kuwa ya siriali. Kwa hiyo namba ile haisemi "mimi ni bodi ya mwanafunzi." Inasema "ndani yangu kuna CH340." Ni sawa na kumjua mgeni kwa kandambili alizovaa. Na CH340 nyingi hazibebi hata namba ya pekee ya kutofautisha moja na nyingine. Ni mapacha wasio na alama.

Katika orodha ya brltty, mbele ya 1a86:7523, limeandikwa jina la kifaa kimoja: kisomeo cha Zoomax chenye vijumba 20, cha mpango wa huduma ya wasioona iliyo chini ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Maktaba hiyo huwaazima wasomaji wake vifaa vya namna hii bila malipo. Watengenezaji wake waliweka ndani chipu hiyohiyo ya CH340. Kwa hiyo kifaa cha kusomea vitabu na bodi ya kuwashia taa vimevaa kandambili za duka moja, na mlinzi wa mlangoni ameambiwa kwamba kila mwenye kandambili hizo apelekwe maktaba.

Ndiyo maana nimekiita kisa kizito. Aliyelikalia tundu la mwanafunzi wa elektroniki alikuwa msomaji wa vitabu.

Tafuta mkosaji hapa. Kampuni ya chipu iliuza chipu halali. Mtengenezaji wa kisomeo alinunua chipu ya bei nafuu, jambo ambalo hata wewe ungefanya kwa kifaa chenye wanunuzi wachache. Wana brltty waliongeza namba moja kwenye orodha ili msomaji asihangaike. Ubuntu walichukua orodha hiyo na kuiweka kwenye kila kompyuta kwa nia njema. Kerneli iliruhusu programu yenye idhini kushika kifaa, kama inavyotakiwa. Kuna kanuni maarufu ambayo Torvalds ameisimamia kwa ukali miaka mingi: programu iliyokuwa inafanya kazi ikiacha kufanya kazi kwa sababu ya badiliko la kerneli, mwenye kosa ni kerneli, usimlaumu mtumiaji. Ahadi ni deni. Lakini hapa hata deni hilo lililipwa. Watu watano wametenda vizuri, kila mmoja mahali pake, na jumla ya wema wao ni mtu mmoja amekaa na bodi isiyojibu. Tumezoea kudhani kwamba kila madhara yana mwenye nia mbaya nyuma yake. Mengi hayana. Yana msururu wa watu ambao hawakuwahi kukaa meza moja.

Ushauri ulioenea ulikuwa wa mstari mmoja: sudo apt remove brltty. Ondoa. Na kweli, ukiondoa, bodi inarudi papo hapo. Kwenye mashine yako binafsi, ambayo hakuna asiyeona anayeitumia, sioni ubaya wowote. Mashine ni yako. Kinachonishughulisha ni kauli ambayo husindikiza ushauri huo: "liondoe tu hilo takataka, hata sijui liliwekwa la nini." Huko kutojua ni kwetu sisi tunaoona. Kitu kinachomsaidia mwingine, na mimi sijawahi kumwona huyo mwingine akikitumia, kwangu kinafanana na uchafu.

Hebu tuwawaze watu wawili. Juma ana bodi na mtihani wa vitendo kesho. Asha haoni na ana kisomeo. Wanatumia kompyuta moja ya maktaba ya chuo. Brltty ikiwepo, Juma anakwama. Ikiondolewa, anakwama Asha. Wengine watasema tuhesabu vichwa: wenye bodi za CH340 ni wengi kuliko wenye visomeo, basi wengi wape. Mimi sikubali, na sababu yangu inahusu namna kila mmoja anavyokwama, si idadi yao.

Mwenye macho haambiwi tazama. Juma akikwama, anaweza kusoma kumbukumbu, kuuliza, kutafuta, na ndani ya saa moja akajua mbaya wake ni nani. Njia ya kutokea anaiona. Asha akikaa mbele ya mashine isiyo na brltty, amekaa mbele ya ukuta. Ili asakinishe programu ya kumsomea skrini, anahitaji kusoma skrini. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Hasara ya Juma ni ucheleweshaji. Hasara ya Asha ni kufungiwa nje pamoja na kunyimwa uwezo wa kugonga mlango. John Rawls, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu haki, alitutaka tuchague kanuni za jamii kana kwamba hatujui tutazaliwa nani. Nikiwa nyuma ya pazia hilo la kutojua, sijui kama nitakuwa Juma au Asha, nitachagua mashine inayokuja na brltty. Nikiwa Juma nitalaani kwa saa moja. Nikiwa Asha nitaweza kuanza.

Ningependa kuishia hapo, maana ni pazuri. Lakini kuna jambo nimelipita haraka. Nimempa Juma bodi na nimempa Asha kisomeo, kana kwamba asiyeona kazi yake ni kusoma tu. Kwa nini Asha naye asiwe na bodi? Wapo wasioona wanaoandika programu na kutengeneza vifaa. Programu za kuwasaidia wasioona zisingekuwepo bila wao. Asha huyu ana kisomeo cha kampuni nyingine, chenye namba yake mwenyewe, na ana bodi yenye CH340. Anachomeka bodi, brltty inaikamata. Juma anaweza kuiondoa brltty. Asha hawezi, ndiyo macho yake. Kanuni iliyowekwa kwa jina lake imemfunga yeye kuliko inavyomfunga Juma.

Hapo ndipo naona kiini cha suala. Kumwekea mtu nafasi bado si kumtambua. Charles Taylor, mwanafalsafa wa Kanada, aliandika mwaka 1992 kwamba kutambuliwa vibaya kunaumiza kama kutotambuliwa kabisa. Ile orodha ilimtendea Asha wema wa jumla: ilimjua kama aina ya mtu, "asiyeona," na ikatoa kila chenye dalili ya aina hiyo kwake. Haikuuliza ni kifaa gani hasa, cha nani, cha kazi gani. Tunawafanyia hivi watu wenye ulemavu kila siku. Tunamkamata mkono mtu kumvusha barabara ambayo hakutaka kuivuka, kisha tunashangaa hakutushukuru.

Njia ambayo wana brltty waliifuata baadaye inanifundisha zaidi kuliko hoja zangu. Waligawa orodha yao mafungu mawili. Fungu moja la namba ambazo ni za vifaa vya nukta nundu peke yake. Hizo zinaweza kushikwa zenyewe bila kuuliza. Fungu la pili la namba za pamoja, zile za kandambili za duka moja; hizo anayeandaa mfumo anaweza kuziweka kando mpaka mwenye kifaa aseme. Halikuwa jambo la kuchagua kati ya Juma na Asha. Walirudi kwenye orodha na kuuliza: ni wapi tunajua, na ni wapi tunakisia?

Lakini tusijidanganye kwamba haki imepatikana bure. Mwenye kisomeo chenye CH340 sasa ana hatua moja ya ziada. Usumbufu umehamishwa kutoka kwa wengi kwenda kwa wachache, na wachache hao ndio tuliokuwa tunawalinda. Nakubaliana nao kwa sharti moja: hatua hiyo ya ziada iweze kuchukuliwa na mtu asiyeona, peke yake, bila kuazima macho. Isipokuwa hivyo, tumerudi kwenye ufunguo uliofungiwa ndani.

Na chanzo chenyewe bado kipo. Namba ya kampuni ya USB hutolewa na shirika la wenye tasnia, na hulipiwa maelfu ya dola za Marekani. Namba zinazowezekana kwa kampuni ni 65,536, hazijaisha. Kinachokosekana ni hela. Kampuni kubwa hailali njaa kwa ada hiyo. Kampuni ndogo inayotengeneza vifaa vya wasomaji wachache inaihisi, na ikiilipa, itaiweka kwenye bei, nayo bei atailipa msomaji. Kwa hiyo kutambulika kama wewe mwenyewe kuna gharama, na asiye na uwezo anatambulika kwa kandambili. Aliyewahi kupanga foleni ya cheti cha kuzaliwa hahitaji kuelezwa hili.

Kuna anayeweza kuniuliza: ina maana tusiache kamwe kutambua kitu? Kila tundu, kila chipu ya zamani, tuibebe milele? Hapana. Kerneli yenyewe inajua kuaga. Torvalds alianza kuiandika kwenye kompyuta yenye chipu ya 386, na toleo la 3.8, lililotoka Februari 2013, liliacha kuitumikia chipu hiyo. Mwaka 2019 draiva ya diski laini, zile za flopi, iliandikwa kuwa yatima, kwa sababu aliyekuwa akiitunza hakuwa tena na kifaa cha kujaribia. Neno yatima si langu, ndilo linalotumika katika daftari la watunzaji wa kerneli. Na yatima huyo baadaye alipata mlezi mwingine. Ninachokipenda hapo ni kwamba mambo yalifanyika hadharani. Ilisemwa nini kinaachwa na kwa sababu gani, ili mwenye nacho ajue na mwenye uwezo wa kukilea ajitokeze.

Bodi ya Juma haikupata hata hilo. Iliondolewa kwenye kiti kimyakimya, na taarifa ikaandikwa mahali ambapo mtu haendi mpaka awe tayari ana shida. Mfumo ungeweza kumwambia mara moja, kwa maneno ya kawaida: kifaa hiki kimechukuliwa na programu ya wasomaji wasioona, je, ni sawa? Juma angejibu kwa sekunde mbili, na kwa mara ya kwanza pengine angejua kwamba ndani ya kompyuta yake muda wote huo palikuwa na kiti cha Asha. Kujua huko kuna thamani hata kama bodi isingechelewa. Anayemwondoa mwingine kwenye nafasi, awe mtu au programu, ana wajibu wa kutamka.

Kisomeo kile kina vijumba 20. Chukua neno la Kiswahili kama "hawakututambulisha." Lina herufi 18. Kwa nukta nundu zisizofupishwa, herufi moja kijumba kimoja, neno hilo peke yake linajaza karibu mstari mzima. Msomaji anapitisha kidole kutoka ha- ya kukanusha, kupitia wa- ya hao wengine, ku- ya wakati uliopita, tu- yetu sisi, mpaka afike kwenye tambu-, na kabla hajafika hapo hajui bado ni nini hawakutufanyia. Sisi wenye macho tunalimeza kwa mara moja. Lugha hii ilijengwa kwa silabi zinazopangana moja baada ya nyingine, na sijui wangapi kati yetu tumeisoma kwa mwendo huo unaoistahili.

Basi poti ikipotea baada ya kupandisha toleo, kabla hujasema imekufa, pana maswali matatu, na mpangilio wake ni muhimu. Je, kipo? Je, kimepewa nafasi na jina? Na kama hakina, ni nani aliyekaa mahali pake, na amekaa kwa haja gani? Mafundi wengi huishia swali la pili, kwa sababu la tatu linachukua muda na halihitajiki ili kazi ya leo iendelee. Lakini ni hilo la tatu linalotufanya tukutane na mtu.